Muungano Haukuijenga Reli, Utengano Haukuiua

Kuunganisha mashirika ya reli ni kuzichukua njia zilizokuwa na wenyewe mbalimbali, hesabu mbalimbali na mameneja mbalimbali, na kuziweka chini ya ofisi moja. Asubuhi ya siku ya kuungana, urefu wa reli huwa uleule wa jana. Hakuna taruma lililoongezeka wala daraja jipya. Kilichobadilika ni nani anapokea nauli na ada ya mizigo, nani anabeba madeni, na nani anaamua njia ipi itengenezwe na ipi iachwe iote nyasi. Jambo hili ni jepesi kulieleza, lakini katika Afrika Mashariki limefunikwa na imani iliyokita mizizi: kwamba reli za Kenya, Uganda na Tanzania zilistawi zilipokuwa shirika moja, zikafa shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977, na zitafufuka zikiunganishwa tena. Imani hiyo hutiwa nguvu na methali anayoijua kila mtoto wa shule, kwamba umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu. Methali hiyo ni kweli kwa wavuvi wanaovuta jarife moja. Kwa reli, historia inasema vingine, na husikika vizuri zaidi pale ambapo treni haijawahi kufika.

Wenje ni mahali hapo. Iko kando ya Mto Tana, kwenye barabara ya kutoka Hola kwenda Garsen, jirani na hifadhi ya nyani na kima wa Tana. Wapokomo hulima ndizi, mahindi na maembe katika ardhi inayorutubishwa na mafuriko, na Waorma huchunga ng'ombe nyuma ya mashamba hayo. Katika Kaunti nzima ya Tana River hakuna hata mita moja ya reli. Wengi hudhani kuwa hali hiyo ni ya maumbile, kwamba bonde la Tana lilikuwa pembeni tangu hapo na haliwezi kuwa kwingine. Sivyo.

Mwishoni mwa karne ya 19 Tana ulikuwa miongoni mwa milango iliyofikiriwa kwa safari ya bara. Ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, waliuchunguza mto huo mwaka 1878, na Ujerumani ikaweka himaya Witu kuanzia 1885 hadi ilipoiachia Uingereza kwa mkataba wa Julai 1890. Kampuni ya Kiingereza ya IBEAC, iliyopata hati ya kifalme mwaka 1888, ilituma meli ndogo ya moshi iitwayo Kenia kuupanda mto huo mwanzoni mwa miaka ya 1890. Wakati huohuo kampuni hiyohiyo ilianza kutandika reli nyembamba kutoka Mombasa. Ikafika kama kilomita 11 hivi, fedha zikaisha, na vyuma vyake vikaishia kuwa njia za toroli za kusukumwa kwa mikono ndani ya kisiwa cha Mombasa. Kampuni ilipojitoa mwaka 1895, serikali ya Uingereza ilichukua mzigo wote na kuamua kujenga njia moja tu. Kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, na reli ikafika ukingoni mwa Ziwa Viktoria, penye Kisumu ya leo, Desemba 1901, kwa gharama ya karibu pauni milioni 5.5 na maisha ya Wahindi wapatao 2,500 kati ya kama 32,000 walioletwa kuijenga.

Tangu siku hiyo Mombasa ikawa lango, na Lamu, Kipini na mdomo wa Tana zikabaki kando. Jahazi za Lamu ziliendelea kuja na kwenda na misimu ya kaskazi na kusi, lakini biashara ya bara haikuzifuata tena. Uamuzi wa kuweka mali yote katika njia moja ulifanywa na ofisi moja. Huo ndio mbegu ya kila muungano uliofuata, kwa kuwa ofisi moja huwa na njia kuu moja, na mengine yote huwa matawi.

Kusini ya mpaka mambo yalianza kwa kampuni binafsi. Kampuni ya Kijerumani ilianza kujenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikashindwa, na serikali ya Ujerumani ikaichukua mwaka 1899; reli ikafika Moshi mwaka 1911. Kampuni nyingine ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Waingereza walipoitwaa nchi baada ya vita vikuu vya kwanza, njia hizi mbili ziliwekwa chini ya utawala mmoja uliojulikana kama Reli za Tanganyika. Hazikugusana popote kwa zaidi ya miaka 40. Aliyetaka kutoka Tanga kwenda Morogoro alipanda chombo cha baharini au gari la barabarani, ingawa stesheni zote mbili zilikuwa na mwajiri mmoja.

Kaskazini, Reli ya Uganda ilibadilishwa jina mwaka 1926 kuwa Reli ya Kenya na Uganda, na muda si mrefu bandari nazo zikaingizwa humo. Hapa inafaa kutua, kwa sababu hapa ndipo unapoonekana utendaji wa muungano. Pamba ya Uganda ilisafiri umbali mrefu na kulipa vizuri. Mahindi ya walowezi wa Kizungu katika nyanda za juu za Kenya yalisafirishwa kwa ada ya chini, iliyowekwa kwa makusudi ili yaweze kuuzwa ng'ambo. Nguo na bidhaa za madukani zilizonunuliwa na Waafrika zilitozwa ada ya juu. Mfuko ulikuwa mmoja, kwa hiyo anayelipa zaidi hakuweza kuona fedha zake zimekwenda wapi. Uganda ililalamika, na malalamiko hayo ya ada za mizigo yalifanya serikali ya Uingereza ilete mtaalamu, Roger Gibb, kuchunguza ada na fedha za reli za nchi zote tatu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Fedha za mfuko huo zilionekana Kilindini, ambako gati za kwanza za maji marefu zilikuwa tayari mwaka 1926. Pwani ya kaskazini haikuwa na njia ya kuleta mzigo wake kwenye gati hizo wala sauti katika baraza lililozijenga.

Wanaosifu muungano husahau jambo moja la miaka hiyo ya kati ya vita viwili: reli ya Kenya na Uganda na reli za Tanganyika zilikuwa zikishindana. Njia ya kijeshi iliyotandikwa kutoka Voi kwenda Kahe wakati wa vita iliipa kahawa ya Kilimanjaro bandari ya pili, na Tanga ikalazimika kuigombania na Mombasa. Mzigo wa kusini mwa Ziwa Viktoria ulikuwa ukivushwa kwa meli hadi Kisumu, mpaka Tanganyika ilipoifikisha reli yake Mwanza mwaka 1928 ili kuurudisha Dar es Salaam. Arusha ilipata reli mwaka 1929, Nanyuki 1930, Kampala 1931, Butere 1932. Sehemu kubwa ya matawi ambayo wazee wa leo wanayakumbuka kwa huzuni ilijengwa wakati mashirika yalikuwa mawili.

Muungano mkubwa ulikuja tarehe 1 Mei 1948, pale Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipozaliwa, makao makuu yakiwa Nairobi. Haki itendeke: miaka kama 15 iliyofuata ilikuwa na mafanikio. Karakana kubwa ya Nairobi iliweza kuhudumia mitambo ya nchi tatu, vipuri viliagizwa kwa wingi kwa bei nafuu, na mabehewa yalihamishwa kutoka msimu wa pamba kwenda msimu wa kahawa. Mwaka 1955 zilianza kuingia injini 34 za daraja la 59 kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote zilizopata kutumika kwenye reli ya upana wa mita moja duniani, kila moja ikipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Waliokuwa watoto Mariakani na Samburu wakati huo hawajasahau mlio wake. Lakini injini hizo zilikuwa nzito mno kwa vyuma vyepesi vya matawi. Zilinunuliwa kwa ajili ya njia ya Mombasa kwenda Nairobi, na huko ndiko zilikofanya kazi. Hata fahari ya muungano ilikuwa fahari ya njia kuu.

Na je, njia mpya za enzi hiyo? Zilikuwapo, na mtetezi wa muungano ana haki ya kuzitaja. Tawi la Mpanda lilitandikwa kwa ajili ya madini ya risasi. Reli ya Kasese ilifika mwaka 1956 kufuata shaba ya Kilembe. Reli ya kusini, kutoka Mtwara kwenda Nachingwea, ilijengwa kwa mpango wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga. Kila moja ilitanguliwa na mzigo au fedha maalumu kutoka nje ya shirika, na ingeweza kujengwa hata kama mashirika yangekuwa matatu. Ruvu na Mnyusi ziliunganishwa mwaka 1963, na hapo tu ndipo reli ya Tanga na ile ya Dar es Salaam zilipokutana, miaka 15 baada ya karatasi kusema kuwa ni kitu kimoja. Hilo lilikuwa jema la kweli. Lakini katika miaka hiyohiyo mpango wa karanga ulikuwa umekwisha kufa, reli ya kusini ikahesabiwa kuwa hasara, ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Watu wa Mtwara na Lindi hawakupoteza reli yao kwa sababu ya utengano. Waliipoteza shirika la pamoja likiwa katika miaka yake bora, chini ya hesabu zake.

Kuna dai jingine lisilosimama, kwamba mwaka 1977 uliiua reli. Wakati huo ulipofika, reli ilikuwa imeugua kwa muda. Idi Amin alitwaa madaraka Uganda Januari 1971, na baraza la marais watatu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na shirika la reli, halikukaa pamoja tena. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa Uganda, na biashara iliyokuwa ikijaza mabehewa ikaanguka. Katikati ya muongo huo ofisi za mikoa za reli ziliacha kupelekeana fedha na makao makuu. Kila nchi ilihisi kwamba ikituma haitaona kinachorudi. Barabara ya lami kutoka Mombasa kwenda Nairobi ilikuwa imeshawapa wenye malori nafasi, na mwaka 1978 bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi likauondoa kwenye reli mzigo uliokuwa ukilipa vizuri. Bomba hilo lilikuwa mpango wa Kenya uliokwisha kuanza kabla jumuiya haijavunjika. Shirika moja la nchi tatu lisingelizuia.

Kuvunjika kwenyewe kuliacha majeraha, na hakuna sababu ya kuyapunguza. Tanzania ilifunga mpaka na Kenya Februari 1977, na haukufunguliwa hadi 1983. Njia ya Voi kwenda Moshi ikanyamaza. Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alichukua miaka mingi kugawa mali na madeni, na mkataba ulitiwa saini Arusha mwaka 1984, Kenya ikipewa asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Wafanyakazi wa zamani wa jumuiya nchini Tanzania waliendelea kudai mafao yao mahakamani kwa miongo kadhaa. Hayo yote ni gharama ya muungano uliofungwa bila kuandika mapema namna ya kuufungua. Kuzihesabu kama hoja ya kuungana tena ni kugeuza ushahidi.

Tena, mabehewa hayakuacha kuvuka mpaka. Mzigo wa Uganda uliendelea kutoka Mombasa kupitia Malaba, ukipokelewa upande wa pili na shirika jingine, kwa sababu upana wa reli ulikuwa mmoja na kanuni za breki na viungio zilikuwa moja. Meli mbili za kubeba mabehewa katika Ziwa Viktoria, Umoja na Uhuru, ziligawanywa, ya kwanza ikabaki Tanzania na ya pili Kenya. Zote mbili zilikaa bila kazi kwa miaka mingi, zikatengenezwa, na kufikia mwisho wa 2019 zote zilikuwa zimerudi kupeleka mzigo Port Bell, bandari ya nchi ya tatu. Hazikuhitaji mwajiri mmoja. Zilihitaji kutengenezwa.

Jaribio la kuunganisha tena limeshafanywa, na hili husahauliwa kuliko mengine yote. Novemba 2006 reli za Kenya na Uganda zilikabidhiwa pamoja kwa kampuni moja, Rift Valley Railways, kwa mkataba wa miaka 25. Hoja zilikuwa zilezile: njia moja kutoka bahari hadi Kampala, uongozi mmoja, gharama ndogo. Kampuni ya Afrika Kusini iliyoongoza mwanzoni ilipisha, wawekezaji wa Misri wakaingia, wenye hisa wakavutana, na ada zilizopaswa kulipwa serikali zikawa ugomvi usiokwisha. Kenya ilivunja mkataba mwaka 2017 na Uganda ikafuata. Matawi mengi yaliyonyamaza kabla ya 2006 hayakuamshwa na muungano huo. Reli ya Nanyuki iliamka mwaka 2020 baada ya serikali ya Kenya yenyewe kuitengeneza, na ile ya Nakuru kwenda Kisumu ikafuata. Tanzania nayo ilijaribu kampuni ya India kuanzia 2007, ikairudisha reli mikononi mwake baada ya miaka michache, na imekuwa ikiendesha treni za umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma tangu 2024 bila kungoja shirika la kikanda. TAZARA, ambayo tangu treni ya kwanza imekuwa mali ya nchi mbili, Tanzania na Zambia, chini ya mamlaka moja, haijawahi kuufikia uwezo wake wa tani milioni 2 kwa mwaka.

Ugonjwa huu haukuanzia Afrika Mashariki. Uingereza iliyazoa mashirika yake ya reli takriban 120 na kuyafanya manne mwaka 1923, kisha moja mwaka 1948. Miaka 15 baadaye ripoti ya Beeching ikapendekeza kufungwa kwa stesheni zaidi ya 2,300, nyingi zikiwa za vijijini. Marekani iliruhusu washindani wawili wa siku nyingi kuungana Februari 1968 na kuwa Penn Central. Juni 1970 kampuni hiyo ilifilisika, kufilisika kukubwa kuliko kote kulikowahi kutokea nchini humo hadi wakati huo, na serikali ikalazimika kuunda shirika jipya kuokoa njia zake. Madeni mawili yaliyounganishwa yalizaa deni moja kubwa zaidi.

Kenya imelirudia somo hili kwa sura mpya. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kubeba abiria mwaka 2017, ikijengwa kwa mkopo wa China. Ili mkopo ulipike, Mamlaka ya Bandari ilikuwa imefungwa kwa mkataba wa mwaka 2014 kuihakikishia reli kiasi cha mzigo. Agosti 2019 likaja agizo kwamba makontena ya kwenda Nairobi na bara yapite kwenye reli tu. Watu wa Mombasa waliandamana wiki baada ya wiki kwa ajili ya kazi za malori na maghala, na agizo likasimamishwa Oktoba. Mwaka uliofuata bandari, reli na bomba la mafuta viliwekwa chini ya mwavuli mmoja kwa amri ya rais. Ilielezwa kuwa ni kupunguza gharama. Kwa mtu wa pwani maana yake ilikuwa nyepesi: mapato ya bandari yanayotokana na bahari yake yatajibu deni la reli, na hesabu za vyote viwili hazitatenganishwa tena mbele ya macho yake.

Hapo ndipo mkazi wa Wenje anapoguswa. Mpango wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012 mbele ya viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini, ukiahidi bandari, barabara, bomba na reli ya kutoka Lamu kupitia Garissa hadi Isiolo na kuendelea. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021. Reli haijatandikwa. Ikiwa reli hiyo itawekwa katika mfuko mmoja na ya Mombasa, kila shilingi yake itapimwa kwa kipimo cha deni la njia kuu, kama ilivyopimwa reli ya Mtwara, na jibu linajulikana. Wakati huohuo mafuriko ya Tana yanapokata barabara, kama yalivyofanya katika El Niño ya 1997 na tena mwishoni mwa 2023, maembe ya Wenje huozea shambani na ng'ombe wa Waorma hawafiki sokoni.

Kinachohitajika kinaweza kuandikwa katika sheria bila kuunganisha shirika lolote. Kanuni moja za mabehewa, breki na nyaraka za mpakani zinatosha kuufanya mzigo upite kutoka reli hadi reli. Hesabu za kila njia zichapishwe peke yake, ili ijulikane nani anambeba nani. Na serikali ikitaka treni ifike mahali pasipoleta faida, ilipe huduma hiyo waziwazi kwa mkataba wenye muda na kiwango, kama inavyolipia barabara ya kijijini, badala ya kuificha katika mfuko wa pamoja ambamo huwa ya kwanza kukatwa. Wabunge wa Garsen, Galole na Bura, pamoja na wenzao wa Lamu na Garissa, wana wajibu wa kuidai sheria hiyo kabla ya kupiga kura juu ya muungano mwingine wowote wa reli na bandari. Leo embe la Wenje bado husafiri kwa lori hadi Malindi, na kutoka Malindi hadi Mombasa, kabla ya kuona reli.